Mwandishi Aliyetoa Vitabu Vyake Mwenyewe

Tukishika kitabu twauliza ni nani aliyekiandika. Ni nadra kuuliza ni nani aliyekitoa, na ni nani aliyelipia karatasi. Katika nchi ya Nyeri, huko Kenya, alikuwako mtu ambaye maswali hayo yote jibu lake lilikuwa moja: Gakaara wa Wanjau.

Alizaliwa mwaka 1921, mwana wa mchungaji wa Kipresbiteri, akasoma katika shule za misioni. Vita vya pili vya dunia vilimkuta kijana, akatumika jeshini. Mwaka 1946 akatoa hadithi ya Kikuyu, Uhoro wa Ugurani, yaani habari za ndoa. Siku zile vitabu vingi vya lugha zetu vilitoka misioni au serikalini. Basi yeye na rafiki zake wakaunda chama chao wenyewe, wapate kuandika pasipo kuagizwa na mtu. Akaandika hata kwa Kiswahili, kijitabu kiitwacho Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika.

Mwaka 1952 alitoa maneno yaliyofuata mwendo wa Kanuni ya Imani, ila aliwatia ndani yake Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kabila lake, pamoja na nchi yao. Sisi tufundishao watoto Kanuni hiyo hatuwezi kuisifu kazi ile. Walakini twakiri ya kuwa mtu aliyelelewa nyumbani mwa mchungaji alijua vema ni maneno gani watu wameyashika kwa moyo. Serikali nayo ilijua. Mwezi wa Oktoba, hali ya hatari ilipotangazwa, akakamatwa, akazuiliwa kambini, na kisiwani Manda karibu na Lamu pia, asiwe huru hata mwaka 1960. Humo kifungoni aliandika kwa siri mambo aliyoyaona.

Alipotoka alianza upya, na mwishowe akakaa Karatina na duka lake la kupiga chapa. Akatoa gazeti, Gikuyu na Mumbi, na visa vya kuchekesha vya Kiwai wa Nduuta. Kazi hii haina faida kubwa: kijitabu huuzwa kwa bei ndogo, na karatasi na wino hulipiwa mbele. Mwalimu yeyote aliyepata kuuza madaftari shuleni aijua hesabu hiyo.

Maandiko ya kifungoni yalitoka mwaka 1983, nayo yakapata tuzo ya Noma mwaka 1984. Lakini kitabu hicho, kilichomletea sifa kuliko vyote, kilitolewa na kampuni kubwa ya Nairobi, wala si yeye mwenyewe.

Mwaka 1986, naye amekwisha kuwa mzee, akakamatwa tena kwa kushukiwa habari za chama cha siri. Alipofunguliwa alirudi Karatina kwenye vitabu vyake, hata akafariki mwaka 2001.