Kupamba bodaboda: gharama ndogo zinavyozaana

Msikilizaji, ukipita vijiwe vya bodaboda Mbagala, wilayani Temeke, au Tegeta, wilayani Kinondoni, utaona pikipiki zenye stika, taa za rangi na spika. Wengi huanza na stika tu. Shida ni kwamba pambo moja huita jingine.

Tuchukue spika. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zina betri ndogo ya volti 12, inayotosha taa, honi na stata. Ukifunga spika na taa za ziada, chaji huisha upesi. Unanunua betri kubwa, nayo mfumo wa chaji unazidiwa. Waya mwembamba ukipata moto, unaweza kuunguza nyaya zote.

Tupige hesabu. Shilingi 5,000 za mapambo kila wiki ni shilingi 260,000 kwa mwaka. Kwa dereva wa mkataba, hiyo ni hesabu ya siku nyingi iliyoishia kwenye urembo, na siku ya kumiliki pikipiki inasogea mbele.

Kabla hujafunga pambo, muulize fundi: linakula umeme kiasi gani, na litadai nini baadaye? Tairi, breki na kofia ngumu vitangulie.