Mstari wa 1886 na Suala la Uraia katika Tarime na Serengeti

Mara nyingi suala la uraia huzungumzwa kana kwamba ni suala la makaratasi tu, yaani fomu, ada na mihuri. Mtazamo huo si sahihi. Uraia ni uhusiano wa kisiasa kati ya mtu na dola, na kama uhusiano wowote wa kisiasa, una historia yake. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, historia hiyo huonekana waziwazi.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu mezani. Mstari wao ulianzia mdomo wa mto Umba, ukauzunguka Kilimanjaro, kisha ukanyooshwa hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, penye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Hakuna mkulima wa Bukira wala mfugaji wa Bwirege aliyeulizwa. Koo za Wakira, Wanyabasi na Wairege zikajikuta zina watu pande zote mbili. Hata hivyo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande hizo zilitawaliwa na bwana mmoja, Mwingereza, na mtu aliendelea kufuata malisho, shamba, kazi au mke bila kujiona mhamiaji. Tangu miaka ya 1950 familia nyingi za Wakuria zilivuka Mto Mara kutafuta ardhi katika sehemu ambazo leo ni Wilaya ya Serengeti. Wakati huo wote mstari ulikuwa umelala. Uhuru ndio ulioamsha mstari huo, na hapo pana kinzano tunayopaswa kuichambua bila woga.

Bunge la Tanganyika lilipojadili Mswada wa Uraia mwezi Oktoba 1961, wako wabunge waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali, akaeleza kwamba Serikali yake ingejiuzulu endapo mswada ungeangushwa. Msimamo ulioshinda ni kwamba uraia ni utii kwa nchi, wala si ngozi. Kwa mantiki hiyohiyo uraia hauwezi kuwa ukoo.

Lakini sheria lazima ichore mstari mahali fulani. Aliyezaliwa Tanganyika, naye akawa na angalau mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika, aliamka raia tarehe 9 Desemba 1961 bila kuomba. Kenya nayo ilifuata kanuni ya namna hiyo tarehe 12 Desemba 1963. Sasa tuchukue mfano wa mkulima aliyezaliwa Ntimaru, upande wa Kenya, akaja Tarime kijana, akajenga na kuoa kabla ya Uhuru. Kwake yeye, alikuwa ametoka kwa baba mkubwa kwenda kwa mjomba. Kwa sheria, alikuwa mgeni aliyepaswa kuomba. Naye aombe kwa hati gani? Hana cheti cha kuzaliwa. Umri wake unajulikana kwa rika alilotahiriwa nalo.

Wengi hawakuomba, na sababu yake si ukaidi. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilimpa kila mkazi mtu mzima nafasi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkulima wetu alihudhuria, alichangia ujenzi wa shule, akajiona ametimiza yote. Hakuambiwa kwamba ukazi si uraia. (Na hapa watendaji wengi nao huchanganya mambo.) Mpaka ulipofungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, hadi Novemba 1983, ndugu wa ukoo mmoja waligundua kwamba kwenda msibani ng'ambo ni kuvuka mpaka wa dola.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Mwombaji wa tajnisi huhitaji miaka ya ukazi, mwenendo mwema, na kujua Kiswahili au Kiingereza. Uamuzi ni wa Waziri, wala halazimiki kutoa sababu. Tena lazima aukane uraia wake wa awali. Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba yake ya mwaka 2010, sisi hatukuruhusu. Kwa hiyo mtu wa Sirari hutakiwa kuchagua, wakati binamu yake wa Isebania halazimishwi na nchi yake kufanya hivyo. Si jambo dogo, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimgawii ardhi asiye raia ila kwa ajili ya uwekezaji. Kwa mkulima, kukosa uraia ni kukosa jembe lake pa kulipiga.

Tunasema wazi: mtendaji anayelichukulia jina la ukoo kuwa ushahidi wa ugeni anarudisha kwa mlango wa nyuma hoja iliyoshindwa mwaka 1961. Majirani waliolima naye ndio mashahidi wa kwanza wa kuulizwa.

Mzigo mzito zaidi umemwangukia mwanamke. Binti wa Kehancha anayeolewa Tarime anayo haki ya kuomba tajnisi kama mke wa raia, lakini sheria inasema aombe mumewe akiwa hai. Asipoelezwa mapema, mume akafa, hubaki mjane mgeni katika boma la watoto wake ambao ni raia, na njia iliyobaki ni ile ndefu ya kuhesabiwa miaka ya ukazi kama mtu aliyeshuka jana kutoka kwenye basi.