Mlango wa Chumba cha Marubani

Mlango ni kitu kidogo katika jengo, lakini ndio unaopambanua mgeni na mwenyeji. Seremala huuona kuwa ubao na bawaba. Mwenye nyumba huuona kuwa ni hukumu, maana kila anapoufunga au kuufungua huwa amekata shauri juu ya nani wa kuaminiwa. Insha hii yahusu mlango ulio baina ya abiria wa ndege na marubani wao. Wengi huupita pasipo kuuangalia. Walakini kuna watu waliokufa kwa sababu ulipitika, na kuna waliokufa kwa sababu haukupitika.

Katika majahazi ya pwani yetu nahodha huketi tezini, mahali ambapo abiria aweza kumwona na kumsikia. Ndege za abiria za zamani hazikuwa mbali na desturi hiyo. Mlango wake ulikuwa mwepesi, umewekwa kwa ajili ya utulivu kuliko ulinzi, na watoto walialikwa kuingia kutazama vipimo na usukani. Wepesi ule ulikuwa na maana yake pia: ajali ikitokea, marubani waweze kuuvunja na kutoka.

Hatari ya uwazi huo ilidhihirika mapema. Tarehe 16 Julai 1948, ndege iliyoitwa Miss Macao ilivamiwa na wanyang'anyi ikitoka Macau kwenda Hong Kong. Rubani alipigwa risasi, ndege ikaanguka baharini. Katika watu 26 alisalimika mmoja tu, naye alikuwa miongoni mwa wanyang'anyi. Tarehe 7 Mei 1964, huko California, abiria mmoja aliwapiga risasi marubani wote wawili wa ndege ya Pacific Air Lines, wakafa watu 44. Jambo la kusikitisha ni kwamba sheria ya Marekani ya kuufunga mlango huo safarini ilikuwa imekwisha kupitishwa, ila siku ya kuanza kutumika ilikuwa ni mwezi wa Agosti. Sheria ilikuwa njiani, mauti yaliitangulia.

Lakini kufuli juu ya ubao mwepesi ni adabu tu, si ngome, na Afrika ya Mashariki ilipata sehemu yake ya mafunzo hayo. Mwezi wa Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwisho Stansted katika Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa na watu 3 waliotaka kupelekwa Australia. Rubani aliwaambia kuwa mafuta hayatoshi, wasimsadiki. Mafuta yalikwisha, ndege ikaanguka baharini karibu na Ngazija, wakafa watu 125 kati ya 175. Tena, tarehe 29 Desemba 2000, abiria aliingia chumba cha marubani wa ndege ya British Airways iliyotoka London kwenda Nairobi, akaung'ang'ania usukani hata ndege ikaporomoka angani kwa muda. Marubani na abiria walimshinda nguvu, na ndege ikafika salama.

Haikupita hata miezi tisa ikaja tarehe 11 Septemba 2001. Watu 19 waliteka ndege 4 nchini Marekani, na karibu watu 3,000 waliuawa. Hata siku ile marubani walikuwa wamefundishwa kumtii mtekaji, kwa kuwa aghalabu alitaka mazungumzo. Mtekaji asiyetaka kuishi aliyabatilisha mafunzo hayo yote. Ndipo mlango ulipobadilishwa. Kuanzia Novemba 2003, kanuni za kimataifa ziliagiza ndege kubwa za abiria ziwe na mlango usiovunjika kwa nguvu za mtu wala kupenyeka kwa risasi ndogo. Anayetaka kuingia hujitambulisha. Marubani wakikaa kimya kwa kuzimia, namba ya siri hufungua mlango baada ya kusubiri kidogo. Lakini aliye ndani, akiwa macho, aweza kuikataa namba hiyo.

Katika uwezo huo wa kukataa ndimo msiba mpya ulimojificha. Tarehe 29 Novemba 2013, rubani msaidizi wa ndege ya LAM iliyotoka Maputo kwenda Luanda alitoka kwenda msalani. Kwa mujibu wa uchunguzi, rubani mkuu alimfungia nje, akaiangusha ndege kwa makusudi katika nchi ya Namibia. Wote 33 walikufa. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings alifanya vivyo hivyo katika milima ya Ufaransa, wakafa watu 150. Katika misiba yote miwili, vinasa sauti vilihifadhi mshindo wa mtu agongaye mlango usiofunguka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baada ya hapo Ulaya ilishauri kuwa watu wawili wawe katika chumba hicho daima. Mwaka uliofuata ushauri huo ulilegezwa, kila shirika likaachiwa kupima lenyewe. Kusitasita huko si upumbavu. Kila mtu wa pili aingiaye ni mlinzi, na kila mlango ufunguliwao kwa ajili yake ni nafasi ya adui.

Yatupasa kuamini basi kwamba chuma hakiondoi haja ya uaminifu. Huukusanya tu katika mikono michache. Wachunguzi wa Ufaransa walisema kuwa yamkini rubani yule aliuficha ugonjwa wa akili yake kwa hofu ya kunyang'anywa kazi. Ikiwa ndivyo, aliyeweza kuwaokoa watu wale ni daktari aliyeaminiwa na mgonjwa, na mwajiri ambaye mbele yake kukiri udhaifu si kupoteza riziki. Mlango imara humzuia adui wa nje. Adui wa ndani huzuiwa kwa huruma iliyowahi.