Kubatizwa na kuwekwa wakfu kwa mtoto: tofauti ni nini?

Baba ni Mlutheri, mama ni Mpentekoste. Je, mtoto wao abatizwe au awekwe wakfu?

Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri hubatiza watoto wachanga kwa imani ya wazazi na kanisa. Akikua, mtoto hupata kipaimara.

Wabaptisti, Wapentekoste na Waadventista husubiri mtu aamini mwenyewe, ndipo wamzamishe majini. Mtoto mchanga huwekwa wakfu: huletwa kanisani, mchungaji akamwombea. Huo si ubatizo. Mfano wao ni Hana aliyemtoa Samweli kwa Bwana.

Tunawashauri wazazi wakubaliane mapema. Katika njia zote mbili wao ndio wanaoahidi kumlea mtoto katika imani, na ahadi hiyo hutimizwa nyumbani.