Tangu nyumba kumi hadi kaya hewa: historia ya kuwahesabu maskini

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, na magari yakaanza kuvuka kutoka Kigongo, wilayani Misungwi, hadi Busisi, wilayani Sengerema, kwa dakika chache tu. Kabla ya hapo foleni ya kivuko ilikuwa soko. Abiria waliokuwa wakisubiri zamu yao walinunua samaki wa kukaanga, matunda na maji ya kunywa, na zipo kaya ambazo ugali wa jioni ulitegemea foleni hiyo. Daraja ni heri kwa Kanda ya Ziwa nzima. Mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando usiku wa manane hahitaji kuelezwa faida yake. Urefu wake unajulikana, kilomita 3 na ushei, na gharama yake pia, zaidi ya shilingi bilioni 700. Lakini ukitaka kujua ni kaya ngapi za kijiji kimoja zilizoyumba kipato baada ya foleni kwisha, na ngapi kati ya hizo zimo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, takwimu zinazotangazwa hazishuki kufika huko. Zinaishia taifa, mkoa na halmashauri. Historia ya kuwahesabu maskini nchini inaonyesha kwamba hili ni kosa la miaka mingi: orodha huanzia kijijini, mbele ya majirani, kisha hupanda ngazi za serikali na haishuki tena.

Hatua za mwanzo zinafahamika. Baada ya uhuru, balozi wa nyumba kumi alizijua kaya zake kwa majina. Sensa ya kwanza ya baada ya uhuru ilifanyika Agosti 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Vijiji vya Ujamaa vikaandikishwa katika miaka ya 1970. Baada ya hapo kazi ya kuupima umaskini ikahamia kwa wataalamu, kupitia Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Utafiti wa 2011/12 ulionyesha kuwa asilimia 28.2 ya wananchi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukaonyesha asilimia 26.4, mstari wenyewe ukiwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ni kazi ya kisayansi inayostahili heshima. Hata hivyo hutegemea sampuli, na sampuli inaweza kuusemea mkoa wa Mwanza bila kuweza kukisemea kijiji kimoja ndani yake.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2010 ukaanza kujaribu kugawa fedha taslimu katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 vilihusika, nusu vikapata fedha na nusu vikawa vya kulinganishia. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2014 ikaeleza matokeo ambayo kila mwanakijiji angeyaelewa: kaya zilizopokea ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zikafuga kuku wengi zaidi, na watoto wao wakavalishwa viatu. Ushahidi huo unatosha kuwajibu wanaodai kwamba fedha za maskini huishia kilabuni. Kisha Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete akazindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na ndani ya miaka michache ukafikia takriban kaya milioni 1.1.

Namna orodha ilivyopatikana ndiyo kiini cha hoja hii. Kwanza maeneo yalichaguliwa kwa takwimu za umaskini. Kisha mkutano wa kijiji uliitishwa, wananchi wakakubaliana vigezo vya umaskini wa kwao na kuzitaja kaya wanazoziona duni kuliko zote. Mwishowe dodoso likajazwa nyumba kwa nyumba kuhusu paa, sakafu, mifugo na idadi ya wategemezi, na majibu yakapigiwa hesabu makao makuu ili kupata alama ya kila kaya. Aliyekubaliwa alipangiwa ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezeka kwa kaya yenye watoto wanaohudhuria shule na kliniki. Utaratibu huu ulianza na sauti ya jirani na kumalizika kwa hesabu ambayo jirani hakuiona. Kaya mbili zilizotajwa siku moja kwenye mkutano mmoja ziliweza kuachana njia panda, moja ikapata na nyingine ikakosa, na mwenyekiti wa kijiji asiwe na karatasi ya kumwonyesha mlalamikaji sababu.

Mgogoro wa kaya hewa, yaani zilizomo katika orodha bila kustahili, ulizuka katika hali hiyo. Mwaka 2016, Serikali ya Awamu ya Tano ikiwa katika msako wa watumishi hewa, ilielekeza uhakiki uleule kwa walengwa wa TASAF. Maelfu ya kaya yakaondolewa, baadhi ya watumishi wakasimamishwa kazi, na magazetini neno "hewa" likawa tuhuma kwa kila aliyewahi kupokea ruzuku. Februari 2020, akizindua kipindi cha pili cha Mpango huo jijini Dar es Salaam, Rais John Magufuli alitaja hesabu kamili: kaya 73,561. Idadi hiyo ilinukuliwa kila mahali. Mchanganuo wake haukujadiliwa sana, ingawa ulisema mengi zaidi. Kaya zaidi ya 22,000 zilibainika si maskini. Nyingine 18,700 hazikujitokeza kupokea fedha mara mbili au zaidi. Zaidi ya 13,000 zilikuwa kaya za mtu mmoja mmoja, naye amekwishafariki. Zilizobaki ni za waliohama pamoja na viongozi na wanakamati walioingizwa katika orodha.

Mchanganuo huo ukisomwa taratibu, "hewa" inagawanyika. Kiongozi aliyejiandikisha mwenyewe amewadhulumu wenzake na alistahili kuchukuliwa hatua. Bibi kizee aliyeishi peke yake na kufariki hakumdhulumu mtu. Aliyeacha kufika kituo cha malipo huenda alikuwa mgonjwa, huenda alikuwa mbali ziwani, huenda hakupata taarifa ya siku ya malipo. Kuwaweka wote katika neno moja kuliwachafua wengi kwa sababu ya wachache. Isitoshe, makosa karibu yote hayo kijiji kiliyajua kabla ya Serikali. Waliochimba kaburi la marehemu walijua kwamba jina lake halipaswi kuitwa siku ya malipo, na jirani wa mwenye nyumba ya bati na ng'ombe kumi alijua kwamba huyo si mlengwa. Kilichokosekana ni orodha iliyo wazi ya kusahihisha na mahali pa kupeleka sahihisho hilo.

Wapo watakaosema kwamba wanakijiji haohao ndio waliowataja walengwa mkutanoni, na undugu na woga ndivyo vilivyoingiza majina yasiyostahili. Ni kweli. Lakini kutaja majina siku moja, mbele ya mtendaji mwenye haraka, ni tofauti na kupewa nafasi ya kuyapitia kila robo mwaka. Pingamizi zito zaidi ni la faragha. Kubandika umaskini wa mtu ukutani ni kumdhalilisha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda kila raia, maskini akiwemo. Pingamizi hilo nalikubali, na linasaidia kuonyesha kipi kiwekwe wazi. Majibu ya dodoso, ugonjwa na namba ya simu vibaki siri. Idadi ya kaya zilizomo kijijini, zilizoingia, zilizotoka na sababu za kutoka, pamoja na jumla ya fedha zilizolipwa, havimfedheheshi mtu yeyote. Majina yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji pekee, pale yalipotajwa mara ya kwanza.

Sera ya nchi kuhusu takwimu haikusaidia uwazi huo. Sheria ya Takwimu ya 2015, na hasa marekebisho ya 2018, iliwatia hofu watafiti kwa kutishia adhabu wanaochapisha takwimu zinazopingana na za Serikali, na Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka 2019 sheria ikalegezwa, hatua ya kupongezwa. Tangu hapo sehemu ya malipo imehamia simu na benki, na kaya nyingi zimetangazwa kuhitimu na kutoka katika Mpango.

Mabadiliko ya Kigongo yanafanya jambo hili lisiweze kusubiri. Mama aliyeuza samaki kwa abiria mwaka 2020 hakuonekana fukara wa kutajwa mkutanoni, kwa kuwa alishika fedha kila siku. Orodha iliyofungwa enzi za kivuko haiwezi kumwona mama huyo leo, na utafiti wa kitaifa hautamtambua kamwe. Mkutano wa kijiji unaweza, nao tayari upo kisheria na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hauhitaji mtandao wala mkopo mpya, unahitaji TASAF na halmashauri ziurudishie hesabu zake kila awamu ya malipo, pamoja na njia ya rufaa yenye tarehe ya majibu. Fedha hizi hutolewa kwa jina la wananchi wote, kwa hiyo anayepewa na anayenyimwa wana haki sawa ya kuelezwa sababu.