Kiti cha Pikipiki ya Kale

Ukitoka Athi River na kushika njia iendayo Namanga, mji wa kwanza utakaoupita ni Kitengela. Ukizidi kwenda, baada ya Isinya utafika Kajiado, mji uliopata jina lake katika neno la Kimaasai, Orkejuado, yaani mto mrefu. Katika miji yote miwili utaona pikipiki za bodaboda zimepangwa kandokando ya barabara zikingoja abiria, nazo karibu zote asili yake ni Uhindi na Uchina. Lakini mara mojamoja, mwanafunzi, utakuta nyuma ya nyumba fulani, chini ya paa la mabati, pikipiki ya namna nyingine kabisa: nzito, nyeusi, na tangi lake limeandikwa BSA, au Norton, au Triumph, au Matchless. Hiyo ni ya Uingereza, na yaweza kuwa imempita babu yako kwa umri.

Mwenye mali hiyo akitaka kuifufua, huona kwamba mambo mengi yanawezekana. Injini hufunguliwa ikasafishwa, mipira ya magurudumu hununuliwa, nyaya hutandazwa upya. Kisha hufika penye kiti, akakwama. Waweza kucheka ukisikia kwamba kazi kubwa kama hiyo yaweza kuzuiliwa na kitu cha kukalia. Usicheke upesi. Kiti ndicho kinachokufa kwanza, na katika kufa kwake imo historia isiyopatikana katika vitabu vingi.

Habari yake yaanzia kwa farasi. John Boultbee Brooks alifungua kazi ya ngozi mjini Birmingham mwaka 1866, akishona lijamu na vyombo vingine vya farasi. Yasimuliwa kwamba farasi wake alipokufa mwaka 1878 aliazima baiskeli ili aende kazini, akaumizwa sana na kiti chake, akaazimu kutengeneza kilicho bora. Na mwaka 1882 alipata hati ya uvumbuzi wa kiti cha ngozi. Pikipiki zilipozaliwa zilirithi kiti hicho cha baiskeli, kikakuzwa na kutiwa kamani nzito, au springi kama wengi wasemavyo leo. Katika mji wa Redditch, nyumba ya Herbert Terry, iliyoanzishwa mwaka 1855, ilikuwa bingwa wa kamani hizo, na viti vyake vilifungwa katika pikipiki za viwanda vingi.

Yafaa ujue sababu ya kamani. Pikipiki nyingi za zamani hazikuwa na kitu cha kulegeza mshindo katika gurudumu la nyuma. Chuma kiliungwa na chuma. Kila shimo la njia lilipanda moja kwa moja mpaka uti wa mgongo wa mpandaji, isipokuwa kiti kilizuie. Hebu fikiri njia ya Namanga ilivyokuwa kabla ya lami. Mnamo Novemba 1914 Waingereza waliishambulia Longido wakashindwa, na walipoiendea tena mwaka 1916, reli ya Magadi ipitayo Kajiado ilikuwa imekwisha jengwa, na nyika hii ikawa njia ya vita. Katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki walikuwamo wapanda pikipiki, miongoni mwao kikosi kizima kutoka Afrika Kusini. Mtu aliyepita mawe na vumbi la namna hiyo kutwa nzima alimshukuru fundi wa kamani kuliko fundi wa injini.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, BSA peke yake ilitengeneza pikipiki 126,000 hivi kwa ajili ya majeshi, nyingi zikiwa za aina ya M20. Mpandaji alikaa juu ya kiti cha kamani, na kama alikuwapo wa pili, alikaa nyuma juu ya kijito kidogo kilichofungwa kwenye bati la tope. Viti vya namna hiyo vilifanana sana, na hiyo ndiyo heri yake: cha pikipiki moja huweza kuifaa nyingine kwa marekebisho machache.

Heri hiyo iliondoka kuanzia mwaka 1950. Mwaka huo Norton walitoa pikipiki ya mashindano yenye kiunzi kipya, kilichobuniwa na ndugu wawili wa Belfast walioitwa McCandless, na gurudumu la nyuma likawa na kamani zake lenyewe. Mshindani Harold Daniell alipoijaribu alisema ni kama kupanda kitanda cha manyoya, na jina hilo likabaki. Maadamu gurudumu limelegezwa, kiti hakikuhitaji tena kamani nzito. Kikaja kiti kirefu cha watu wawili: chini bati lililopondwa kwa mashine, katikati sponji, juu ngozi bandia. Kilikuwa chepesi na cha kupendeza, na abiria akapata raha yake. Lakini bati lile lilipindwa kufuata umbo la tangi na kiunzi, na viwanda vilibadili maumbo mara kwa mara. Kiti cha Triumph ya mwaka mmoja huenda kisikae juu ya Triumph ya miaka michache baadaye, ingawa kwa macho ni ndugu.

Baadaye viwanda vyenyewe vikaanguka. Wenye Matchless na AJS walifilisika mwaka 1966. BSA ikaporomoka mwaka 1973. Norton ikaacha kutoa Commando mwaka 1977. Triumph ya Meriden ikafungwa mwaka 1983. Jina la Triumph lilifufuliwa, lakini pikipiki za kale hazikurudi.

Basi anayetafuta kiti leo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza. Huko Uingereza wako wafanyao viti kwa kuiga vya kale, na viko pia vya Uhindi, ambako Royal Enfield Bullet ilianza kuundwa mjini Madras mwaka 1955 na kazi haikukoma. Lakini kiti kilichoagizwa huja na nauli yake na ushuru wake, na mara nyingine matundu yake hayalingani na kiunzi. Njia ya pili iko palepale Kitengela. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki ndogo, bodaboda zikajaa, na pamoja nazo wakaja mafundi wa viti. Nilipata kusimama katika banda la mmoja wao. Alikata sponji kwa kisu kirefu, akaivika ngozi bandia, akaivuta mpaka mikunjo yote ikaisha, muda wote akizungumza na wateja. Mtu kama huyo atakushonea kiti cha Norton bila taabu. Ngozi ya kweli nayo haiko mbali, kwa kuwa Kajiado ni nchi ya ng'ombe.

Wako wanaosema kwamba kiti kilichoshonwa Kitengela huiharibu pikipiki ya kale. Katika maonyesho ya magari na pikipiki yaliyoanza Nairobi mwaka 1970, waamuzi huchungulia kila kitu, na wenye mali huogopa. Mimi siafikiani na hofu hiyo. Ngozi na sponji vilikusudiwa kuchakaa tangu mwanzo. Kisichoweza kubuniwa ni bati la chini, kwa kuwa ndilo kigezo: mapindo yake, matundu yake, bawaba zake. Fundi akiwa nalo, hata kama limeliwa na kutu nusu yake, atapima upande mmoja akatengeneza wa pili. Akilikosa, hubahatisha.

Na bati hilo ndilo linalotupwa. Mtu huona kiti kimepasuka, hukibandua, humpa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, naye hupima kwa kilo. Athi River, hatua chache tu kutoka Kitengela, viko viwanda vya kuyeyusha vyuma. Kilichokuwa kiti huenda sasa ni nondo katika nguzo ya nyumba. Mnamo Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umeme na reli, ikairuhusu tena mwezi wa Mei. Kwa miezi hiyo michache mabati ya viti yalistarehe.

Ikiwa kwenu imo pikipiki ya namna hiyo, tazama kwanza chini ya kiti. Nambari au jina la mtengenezaji huweza kuwa limepigwa katika chuma, chini ya kutu. Liandike kabla hujalisugua. Kisha lifunge bati katika gazeti kavu, ulipeleke kwa fundi kabla ya mvua za Aprili.