BAL: mashindano ya basketi ya vilabu vya Afrika, na nafasi ya Congo ndani yake

BAL ni mashindano ya basketi yanayokutanisha kila mwaka ekipe 12 za vilabu kutoka inchi mbalimbali za Afrika. Herufi hizo tatu zinatokana na jina lake la Kiingereza, Basketball Africa League. Yanasimamiwa na NBA, ligi kubwa ya Marekani, pamoja na FIBA, shirikisho la basketi duniani.

Hata kama inaitwa ligi, BAL haiko kama Linafoot ambamo ekipe inacheza nyumbani halafu inaenda ugenini. Ekipe zinakusanywa katika muji moja, zinalala hoteli, zinacheza siku kwa siku mpaka zingine zirudi kwao. Ndiyo maana muji unaopokea una uzito sana katika hadithi hii. Na mara nyingi muji huo umekuwa Kigali.

Kwa wakaaji wa Kivu Kaskazini, jambo hilo si dogo. Toka Goma mpaka Kigali ni masaa machache kwa gari, wakati toka Butembo mpaka Kinshasa mtu bila ndege hafiki. Uwanja mkubwa wa basketi ulio karibu zaidi na vijana wa mashariki uko katika inchi ambayo serikali ya Congo inaishitaki kwamba inaunga mkono waasi wa M23.

Kabla ya BAL

Vilabu vya Afrika havikuanza kushindana mwaka 2021. Kombe la mabingwa wa vilabu lilianza mwaka 1972, na ekipe ya kwanza kulibeba ilitoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, jirani wetu wa kaskazini. Baadaye Angola ikashika usukani: Primeiro de Agosto ya Luanda ilichukua kombe hilo mara nyingi kuliko klabu ingine yoyote, pamoja na lile la mwisho la mwaka 2019, kabla mashindano hayajabadilishwa jina na sura.

Congo nayo ilikuwa na siku zake, lakini upande wa akina mama. Ekipe ya taifa ya wanawake, wakati inchi bado inaitwa Zaire, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1983, tena 1986, tena 1994. Ushindi huo wa mwisho ndio uliifikisha kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Haikushinda mechi hata moja kule, lakini kufika tu ilikuwa kitu. Mmoja wa wale wadada, Mwadi Mabika wa Kinshasa, akabaki Marekani na kuchukua ubingwa wa ligi ya wanawake ya huko mara mbili, 2001 na 2002, akiwa na Los Angeles Sparks. Ni vijana wachache leo wanaojua jina lake, na hiyo ni pole.

Namna BAL ilizaliwa

Tangazo lilitolewa mwezi wa pili 2019 muji wa Charlotte, Marekani. Mkubwa wa NBA, Adam Silver, na katibu mkuu wa FIBA, Andreas Zagklis, walisema kwamba Afrika itapata ligi yake ya vilabu. Msenegali Amadou Gallo Fall, aliyekuwa tayari anafanya kazi na NBA katika bara hili, akapewa kiti cha urais.

Mechi ya kwanza ilipangwa Dakar, mwezi wa tatu 2020. Ikabaki siku chache tu, Covid-19 ikafunga kila kitu. Mwaka moja na zaidi ukapita. Kufikia mwezi wa tano 2021, waandaaji waliamua kuweka ekipe zote 12 katika muji moja, bila kutoka inje, na kumaliza mashindano katika wiki mbili. Kigali ikachaguliwa. Ilikuwa na uwanja mpya wa ndani wenye nafasi ya watu 10.000, uliofunguliwa 2019, ambao leo unaitwa BK Arena.

Mechi ya ufunguzi ilichezwa tarehe 16 mwezi wa tano: Patriots ya Kigali ikaifunga Rivers Hoopers ya Nigeria 83 kwa 60. Ndani ya Patriots alikuwemo J. Cole, mwimbaji wa rap kutoka Marekani, na kwa siku kadhaa magazeti ya dunia yaliongea zaidi juu yake kuliko juu ya wachezaji wa kweli. Tarehe 30, Zamalek ya Misri iliifunga US Monastir ya Tunisia 76 kwa 63 na kuwa bingwa wa kwanza.

Mabingwa waliofuata

Monastir haikungoja sana. Mwaka 2022 ilirudi na kuifunga Petro de Luanda 83 kwa 72. Mwaka 2023 zamu ikawa ya Al Ahly ya Kairo, iliyoishinda AS Douanes ya Senegal 80 kwa 65. Siku zile mchezaji bora alikuwa Nuni Omot, mtoto wa wakimbizi aliyezaliwa Kenya.

Petro, iliyokuwa imezoea kufika karibu na kukosa, ilipata kombe mwaka 2024 mbele ya Al Ahly ya Benghazi, Libya, 107 kwa 94. Ilikuwa klabu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kubeba BAL. Mwaka 2025 fainali ilitoka Kigali kwa mara ya kwanza na kuchezwa Pretoria, Afrika Kusini, na Al Ahli ya Tripoli ikaivua Petro taji, 88 kwa 67.

Tangu 2022 makundi yanagawanywa katika miji kadhaa: Dakar, Kairo, Pretoria, Rabat, na Kigali yenyewe. Makundi yana majina ya jangwa na ya mto, Sahara, Kalahari, Nile. Zile ekipe zinazofanya vizuri ndizo zinaenda kwenye hatua ya mwisho.

Mchezo wenyewe unafuata sheria za FIBA: vipindi vinne vya dakika 10, si 12 kama Marekani. Kuhusu wachezaji, msimu wa kwanza klabu iliruhusiwa watu 13, na tisa kati yao walipaswa kuwa wananchi wa inchi ya klabu. Wageni walikuwa wanne tu, na kati yao wawili tu wangeweza kutoka inje ya Afrika. Bila kizuizi hicho, ekipe yenye pesa ingejaza Wamarekani watupu, na mtoto wa Luanda au Dakar angebaki kwenye benchi la kuangalia.

Kuna mpango mwingine pia, wa kuweka kijana mmoja wa chuo cha basketi cha NBA, kilichoko Senegal, ndani ya kila ekipe. Huo ndio ulimtoa Khaman Maluach. Alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Kampala kama mkimbizi, na mwaka 2022 alicheza BAL na Cobra Sport ya Juba wakati bado ni mtoto wa miaka 15. Baadaye akacheza na Douanes, halafu City Oilers ya Uganda. Mwezi wa sita 2025 NBA ilimchagua namba 10. Mwaka moja mbele yake, Mkameruni Ulrich Chomche alikuwa amepita njia hiyo hiyo.

Congo iko wapi?

Katika misimu mitano ya kwanza, klabu moja tu ya Congo ilifika: Espoir Fukash ya Lubumbashi, mwaka 2022. Ilipangwa Kairo, katika kundi moja na Zamalek, Petro, FAP ya Kameruni, Cape Town Tigers na Cobra Sport. Haikuvuka kundi. Tangu hapo mpaka 2025, hakuna ingine. Rwanda ilikuwa na klabu kila msimu. Burundi na Uganda zimepita. Kenya iliingia mwaka 2025 na Nairobi City Thunder.

Kwa inchi iliyozaa Dikembe Mutombo, ni ajabu. Mutombo alizaliwa Kinshasa 1966, akacheza NBA miaka 18, akachaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake ilifunguliwa Kinshasa. Alikuwa pia mmoja wa wale walioweka pesa zao katika kampuni ya NBA Africa. Aliaga dunia tarehe 30 mwezi wa tisa 2024. Bismack Biyombo ni wa Lubumbashi. Na huku mashariki kila kijana anayeshika mupira anajua jina la Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, akachaguliwa namba 7 na Golden State Warriors mwaka 2021, na kuwa bingwa wa NBA mwaka uliofuata.

Watu wapo, basi. Shida iko kwenye njia ya kufika. Ili kuingia BAL, klabu ya Congo kwa kawaida inapaswa kwanza kuwa bingwa wa inchi yake, halafu kupita mashindano ya kuchuja ambayo nayo yanachezwa inje. Huku kwetu bingwa anatafutwa kupitia Coupe du Congo, inayoandaliwa na shirikisho la FEBACO. Ekipe ya Bukavu kama Chaux Sport, au ya Goma, ikitaka kucheza Kinshasa au Lubumbashi, lazima ipande ndege: wachezaji 12, kocha, muganga, mizigo. Tiketi hizo peke yake zinaweza kumaliza pesa ya mwaka mzima. Tena tangu mwezi wa kwanza na wa pili 2025, wakati Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23, viwanja vya ndege vya pande hizo vimefungwa. Upande wa Lubero na Beni, ambako watu wanakimbia mashambulizi ya ADF toka kijiji mpaka kijiji, kiwanja cha shule kinaweza kulaza familia zilizohama kabla ya kuona mupira.

Maneno mawili kwenye jezi

Ukiangalia mechi za BAL, utaona kwenye jezi maandishi «Visit Rwanda», yaani tembelea Rwanda. Ni utalii wa serikali ya Rwanda, uliolipa kuwa mdhamini tangu mwanzo. Maandishi hayo yako hata juu ya jezi za klabu ambazo si za Rwanda.

Jambo hilo lililipuka mwezi wa tatu 2024, Pretoria. Klabu ya Dynamo ya Bujumbura ilikuwa imefika BAL kwa mara ya kwanza. Wakati huo Burundi ilikuwa imefunga mupaka wake na Rwanda, ikisema kwamba jirani anasaidia waasi wa Red-Tabara. Siku ya kwanza wachezaji wa Dynamo walifunika yale maneno kwa utepe, wakaingia uwanjani na kuwafunga Cape Town Tigers 86 kwa 73. Waandaaji wakasema hapana: ni kuvaa jezi kama ilivyo au kutocheza. Dynamo haikucheza mechi mbili zilizofuata, na ikaondolewa katika mashindano. Vijana waliofanya mazoezi mwaka mzima walirudi nyumbani na ushindi moja, na hakuna aliyewauliza wao wanawaza nini.

Kama klabu ya Congo ingefika msimu ule au ule wa 2025, ingewekwa mbele ya swali hilo hilo, na pengine kwa uzito zaidi. Mwezi wa pili 2025 waziri wa mambo ya inje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia Arsenal, Bayern na PSG akiziomba ziachane na Visit Rwanda kwa sababu ya vita ya mashariki. Rwanda inakana kila mara kwamba inaunga mkono M23, na inasema kwamba pesa ya michezo inaleta watalii na kazi. PSG iliongeza mkataba wake. Bayern ilibadilisha wake ukawa wa kufundisha vijana. Arsenal ilitangaza kwamba itaacha mwisho wa msimu wa 2025-2026. Na mwezi wa tisa 2025 Visit Rwanda ilipata mlango mpya, safari hii ndani ya NBA yenyewe, kwa mkataba na Los Angeles Clippers.

Mikataba iliyotangazwa mwaka 2023 inaipa Kigali nafasi ya kupokea BAL mpaka 2028, mwaka moja fainali, mwaka mwingine makundi. Klabu ya Congo itakayopita mchujo katika kipindi hicho itajua tangu siku ya kwanza kwamba pengine itavuka mupaka huo, na kwamba jezi itaingoja katika chumba cha kuvalia.